Mguu wa Ukuta wa Mashariki

Pigo la kwanza la Dewey Sorvala lilitoa mlio wa barafu. La pili vilevile. La tatu nyundo ikazama, na mlio uliotoka haukuwa wa barafu hata kidogo. Makuruta wenzake walikuwa wakimcheka, maana alikuwa akipiga kwa kuvuta nyundo kutoka kiunoni, chinichini, kama mtu anayefagia.

"Inua mikono, bibi kizee!" mmoja alimpigia kelele.

Dewey hakuinua. Aliinama, akachungulia kwenye tundu alilolifungua, akaona sweta la buluu, na ndani ya sweta bega la mtu, limegandishwa gumu na kupasuliwa na nyundo yake mwenyewe. Akatapika palepale juu ya viatu vyake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Februari 1984, siku ya mwisho ya sherehe za theluji katika mji wa Ahola, kaskazini mwa Michigan. Kila mwaka nyumba za udugu za Chuo cha Uhandisi, vyama vya wanafunzi wanaume wanaoishi pamoja, hushindana kujenga majumba ya barafu mbele ya mabweni yao, na sherehe zikiisha, wanafunzi wapya ambao hawajaapishwa, wale wanaoitwa makuruta, hupewa nyundo wayabomoe. Vipande hubebwa na malori na kumwagwa ziwani. Nyumba ya Bikari, isiyopokea mtu asiyesoma uhandisi au sayansi, ilikuwa imejenga ukumbi wa paa la kuba, kuta nene mbili, moja mashariki na moja magharibi, watoto wa mji wakipita katikati siku zote za sherehe.

Mpelelezi Lorna Kangas wa ofisi ya sherifu alifika kabla marehemu hajamaliza kutolewa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye sauti nzito ya kahawa na sigara, na alikuwa amekwisha kuona maiti za migodini na za ulevi, lakini maiti ndani ya ukuta hakuwahi kuiona. Curtis Pelkey, rais wa nyumba hiyo, alikuwa amesimamishwa wima ndani ya ukuta, uso ukielekea ndani ya jumba, kichwa kimebondwa juu ya utosi. Miguuni pake palikuwa na begi la safari. Kando ya begi palikuwa na shoka, na kwenye mpini wa shoka pameandikwa DEWEY kwa rangi nyekundu, kwa sababu katika nyumba ile kila kuruta hupewa kifaa chake na jina lake.

"Kazi imekwisha," alisema Sherifu Bud Harju, akipiga miguu chini kwa baridi. "Shoka lake. Tishio lake. Nenda nyumbani ukale, Lorna."

"Tishio gani?"

"Jumatatu walimcharaza kwa kibao cha mbao kule chini ya nyumba, zile mila zao. Jumanne asubuhi, watu arobaini wakinywa kahawa, kijana akamwambia Pelkey: ukinigusa tena nitakuua. Jumanne jioni wote wanakula, yeye hayupo mezani. Pelkey alitakiwa apande basi la saa moja kwenda Detroit kwenye usaili wa kazi. Hakulipanda. Na kwa kuwa kila mtu alijua yuko Detroit, nani angemtafuta?"

"Bud, mtu amfukie mwenzake ukutani, halafu aje ampige nyundo mwenyewe mbele ya umati?"

"Wajinga wapo."

"Huyu anasoma fizikia."

"Basi wajinga wanaosoma fizikia wapo. Kesho saa nane mchana namsimamisha mbele ya hakimu, mauaji ya kukusudia." Harju alishusha sauti kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu. "Ni kifungo cha maisha, najua. Na huku kwetu maisha ni maisha, hatoki mpaka atolewe na jeneza. Kama una lako, uniletee kabla ya saa nane."

Walikuwa wakimfunga Dewey pingu pale tingatinga la chuo lilipoingia uani likinguruma. Aliyekuwa akiliendesha aliruka chini kabla halijasimama sawasawa. Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, ndevu za dhahabu. Alisukuma watu, akamfikia Dewey, akamkumbatia pamoja na pingu zake.

"Mwacheni! Huyu ni mdogo wangu!"

"Wewe nani?" Kangas aliuliza.

"Wendell Tasker, afande. Mwaka wa nne, ujenzi. Mimi ndiye kaka yake mlezi. Kila kuruta hapa ana kaka mlezi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nani amewaambia waanze kubomoa? Nilisema wanisubiri na tingatinga!"

"Mimi," alijibu mtu mwembamba mwenye miwani iliyoganda ukungu. "Baridi ilikuwa inatuua, Wendell. Makuruta hupiga kwanza, ndiyo mila."

Huyo alikuwa Martin Szabo, mwanakemia wa mwaka wa tatu, na mdomo wake haukujua kupumzika. Wakati maiti inapakiwa kwenye gari, Kangas alimsikia akinung'unika kwa jirani yake kwamba mwaka huu ni wa mkosi mtupu: kwanza wamenyang'anywa kombe, sasa hili.

"Mmenyang'anywaje kombe?" Kangas aliingilia.

"Mguu ule, afande." Martin alionyesha nguzo nene ya barafu iliyouegemea ukuta wa mashariki kwa nje, palepale mwili ulipotolewa. "Majaji walitukata alama. Jumba linatakiwa lilingane pande zote, na upande mmoja una mguu, upande mwingine hauna. Wale wa nyumba ya jirani wametucheka mpaka wakakaa chini."

"Ni nani aliyeuweka?"

"Mimi," alisema Wendell. "Mimi ndiye niliyechora jumba zima. Jumatano asubuhi niliona ufa ukutani, urefu wa mkono wangu. Ningefanya nini? Watoto wangepita chini ya kuba lile. Kombe si kitu."

Kangas akaandika, akamwona ni kijana mwenye utu.

Kwenye mahabusu ya wilaya Dewey alikataa kukaa. Si kwa kiburi: hakuweza. Mdomo wake ulikuwa umepasuliwa na mlevi mmoja aliyempiga ngumi kwa sababu tu alimkuta kalalia kitanda chake. Kangas alimwomba avue shati, na alipomsaidia kulivua akajuta kuomba. Mgongo mzima ulikuwa zambarau na njano, kuanzia mabegani hadi chini ya figo, na ngozi ilikuwa imechanika mahali pawili.

"Unakojoa damu?"

"Kidogo, mama. Imepungua."

"Nani alikufanya hivi?"

"Curtis. Nilikuwa nimefungwa kitambaa machoni, lakini sauti ilikuwa yake. Alikuwa anahesabu."

"Alihesabu hadi ngapi?"

"Kumi. Ndiyo kawaida, kumi. Halafu akanyamaza, lakini mapigo hayakuisha. Nikamsikia anasema 'basi, basi', nikadhani anajiambia mwenyewe. Mapigo yakaendelea tu. Sijui mangapi."

"Na Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Peke yangu. Najua inavyosikika."

Kangas alimuuliza kama kuna mtu wa kupigiwa simu. Kijana alifikiri muda mrefu kuliko mtu mwenye ndugu anavyofikiri. Baba yake alikufa yeye Dewey akiwa mdogo, mama ameolewa mbali.

"Mwambie Wendell," alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyenifuta damu ile Jumatatu. Alinipandisha ngazi mgongoni. Mwambie sikufanya, ataniamini."

Kabla jua halijazama Kangas aliendesha hadi msituni, kwa mpasua magogo aitwaye Urho Kemppa. Mji mzima ulijua kwamba Jumamosi iliyotangulia juma la kifo, Urho na Curtis walipigana baa, na kwamba chanzo kilikuwa binti ya Urho aliyerudi nyumbani na alama ya kofi shavuni. Alimkuta uani akipasua kuni. Mzee huyo alimtazama, akapasua gogo moja zaidi, kisha akaja kwake bila kuliacha shoka.

"Weka chini, Urho."

"Uani kwangu siambiwi niweke nini."

Kangas akalifungua koti, akaweka mkono kwenye bastola. Walikaa hivyo, pumzi zao zikifuka. Mwisho Urho akalipiga shoka kwenye kisiki likakwama.

"Amekufa kweli yule mbwa?"

"Amekufa. Ulimfanya nini baa?"

"Nilimvunja mkono. Wa kulia, ule aliompigia mwanangu. Niliupinda kwenye ukingo wa meza mpaka nikasikia tak. Hakulia, hilo nampa. Kuua sikuua, ingawa nisingekataa."

"Jumanne jioni?"

"Nilikuwa na gari la wilaya nasukuma theluji barabarani. Nilimtoa mchungaji wa Kilutheri mtaroni na wajukuu zake wawili, wakakaa na mimi mpaka saa mbili. Muulize, alikuwa ananiimbia nyimbo za dini, nikatamani nimrudishe mtaroni."

Mchungaji alithibitisha kwa simu, na hata kwenye simu alikuwa mchangamfu. Urho akafutwa kwenye orodha ya washukiwa. Lakini mkono ule uliovunjika uliendelea kumsumbua Kangas.

Kesho yake, Jumatatu saa mbili asubuhi, daktari wa wilaya alimpokea akiwa bado na aproni.

"Mapigo matatu ya kisogo cha shoka," alisema daktari, "yote juu ya utosi. Na huyu marehemu ni mrefu, Lorna, anagusa fremu ya mlango wangu. Aliyempiga aliinua shoka juu kabisa, mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akalishusha. Pigo la pili lilitosha. La tatu lilikuwa la hasira."

"Na mkono wa kulia?"

"Ulikuwa umevunjika kifundo siku kadhaa kabla. Amejifunga plasta za gundi chini ya sweta, mjinga wee, nadhani hakutaka waajiri wa Detroit waone. Alikuwa hawezi kushika hata kijiko."

"Wala kibao?"

"Kibao gani? Nimekwambia hata kijiko."

"Swali la mwisho. Yule kijana wa mahabusu, umemwona?"

"Nimetoka kumwona. Anahitaji hospitali, si hakimu. Figo imejeruhiwa, na mfupa wa bega umepasuka. Umepasuka siku ileile ya kipigo. Mtu huyu tangu Jumatatu ile hawezi kuinua mkono juu ya bega, si wa kulia, si wa kushoto, maumivu yanamkatiza."

Kangas alimpigia Harju palepale. Sherifu alisikiliza, akasema hasira humpa mtu nguvu ya ajabu, na kwamba hakimu hatakubali kufungua mlango bila mtu mwingine wa kuingia. "Niletee mtu, Lorna. Saa nane."

Saa tatu na nusu alikuwa jikoni kwa Bikari na Martin Szabo. Martin alikuwa akila pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi, kwa mikono miwili.

"Curtis alikula kwa mkono gani wiki ile?" Kangas aliuliza.

Martin akaacha kutafuna. "Wa kushoto. Alimwagia supu tai yake, tukamcheka."

"Kwa sababu wa kulia ulikuwa umevunjika tangu Jumamosi. Sasa niambie, Martin, na usinitolee uongo, maana kuna mtoto wa watu anakojoa damu kule. Nani alishika kibao Jumatatu ile?"

"Hiyo ni siri ya nyumba, afande. Tumeapa."

"Utaapa tena saa nane, mbele ya hakimu."

Martin alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu mwenye utani.

"Rais huhesabu tu. Anayepiga ni kaka mlezi. Kuruta hajui, ana kitambaa machoni. Anamchukia rais muhula mzima. Siku ya kuapishwa ndipo kaka yako anakuonyesha kibao na kukuambia: nilikuwa mimi. Mnalia, mnakumbatiana. Wangu alinigonga kama anabisha hodi! Ni kumi, polepole, imekwisha."

"Wendell hakupiga kumi."

"Sikuwepo chini. Naapa sikuwepo."

"Ule mguu wa barafu. Ulisaidia kuujenga?"

"Mimi na wenzangu wawili, Jumatano kulipokucha. Barafu mpya haishiki kwenye barafu chafu, kwa hiyo tulikwangua ukuta kwa brashi, kila sehemu, halafu tukamwagia maji moto."

"Ufa ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Ufa upi? Hapakuwa na ufa. Nilidhani Wendell ana mashaka na hesabu zake tu. Nikamwambia, kaka, tutapoteza kombe, akanifokea. Wendell hafokagi!"

"Na Jumanne, wakati mnakula, ukuta huo ulikuwa umefika wapi?"

"Kalibu za mbao zilikuwa zimesimama, ziko tupu. Wendell alisema yeye hatakula, anabaki alinde rojo la theluji lisigande kwenye mapipa. Tuliporudi, ukuta mzima umejazwa, na amesawazisha juu. Peke yake!" Martin alitazama pasti yake kama haijui. "Tulimpigia makofi."

Saa tano kasorobo Kangas aliwakusanya wote kwenye ukumbi wa kulia chakula. Ulikuwa na ubao mkubwa mweusi, kwa kuwa wale watu hata supu walikula wakibishana hesabu, na juu ya meko kilining'inia kibao cha mti mgumu chenye alama ya bikari. Polisi wawili wa wilaya walisimama mlangoni. Wendell alikaa mbele kabisa, akauliza kwanza Dewey anaendeleaje.

"Vibaya," alisema Kangas. "Nina swali la kihandisi, mimi sikusoma. Martin, nichoree kuba lenu na kuta mbili."

Martin alichora. Mchoro ulikuwa safi.

"Kuba linasukuma kuta kwenda nje, sivyo? Ukuta unahitaji mguu?"

"Hauhitaji," mtu alijibu kutoka nyuma. "Unene ule unabeba mara nne ya mzigo."

"Mara tano," mwingine akamsahihisha, na wakaanza kuvutana.

"Sasa weka mtu ndani ya ukuta wa mashariki. Mrefu, na begi lake. Barafu haimshiki mtu mwenye sweta."

Martin aliandika, akafuta, akaandika tena. Chaki ilimkatikia mkononi akaokota kipande. Watu wawili walisimama viti vyao vikaanguka, wakaja karibu na ubao, na mmoja wao akaanza kutikisa kichwa kabla Martin hajamaliza.

"Ukuta unateleza," alisema Martin. "Nusu ya ukuta haibebi. Siku yenye jua kuba linashuka juu ya watu."

"Na dawa yake?"

Martin alishika tena chaki. Alichora mguu.

Watu arobaini waligeuka kumtazama Wendell Tasker. Kangas alimsogelea hadi mbele ya kiti chake.

"Ufa haukuwepo. Waliokwangua ukuta kwa mikono yao wako hapa. Mguu ule ulikuwa na maana kwa mtu mmoja tu, mtu aliyejua Jumatano kilichomo ukutani, ilhali sisi wengine tumekijua jana. Mwuaji wa kawaida angefukia akaondoka zake. Wewe hukuweza kuacha ukuta mbovu umesimama juu ya watoto, na kwa hilo umejitia kitanzi."

Wendell alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa analia, na Kangas, aliyekuwa ameona machozi ya kila aina, hakuweza kusema kama ni ya uongo.

"Nilimwona," alisema Wendell. "Nisameheni. Nilimwona Dewey. Nilikuwa juu ya jukwaa la mbao. Alimjia Curtis kwa nyuma, akainua shoka hivi, kwa mikono miwili, akamshushia. Ni mdogo wangu! Ningefanyaje? Nikamfichia maiti. Kosa langu ni hilo tu, kwamba nilimpenda."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Wengine walianza kukubali, ilionekana kwenye nyuso zao, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kukubali hilo.

"Aliinua hivi?" Kangas aliinua mikono yake juu ya kichwa.

"Hivyohivyo."

"Kijana huyo hajainua mkono juu ya bega tangu Jumatatu ya kipigo. Daktari amemwona, na jana nyote mlimcheka anavyopiga nyundo kama anafagia. Mfupa wa bega lake umepasuka, Wendell. Umeupasua wewe, kwa kile kibao pale, baada ya Curtis kufika kumi na kukwambia basi."

Hakuna aliyemwona vizuri Wendell akinyanyuka. Meza ilipinduka, kibao kikang'olewa ukutani pamoja na msumari wake, na pigo la kwanza likampata Martin shavuni, miwani ikaruka, meno yakamwagika sakafuni na damu. La pili lilimpata Kangas begani akaenda chini juu ya vigae. Alimwona Wendell akikiinua kibao kwa mara ya tatu, juu kabisa, mikono miwili, na uso wake haukuwa na machozi tena wala ndevu za dhahabu hazikumfanya mzuri. Kangas akampiga teke la goti. Goti likapinda upande usio wake, Wendell akaanguka akiunguruma.

Ndipo ndugu zake wa nyumba wakamrukia. Walimpiga mateke ya mbavu, ya kichwa, ya mikono aliyojikingia, bila kelele, yakisikika mabuti tu. Polisi wawili walivutwa huku na huku kama nguo kwenye kamba. Kangas alijiinua kwa mkono mmoja mzima, akafyatua risasi darini, chokaa ikawamwagikia wote.

"Atakayempiga tena namfunga naye!" alipaza sauti. "Mmepiga vya kutosha nyumba hii!"

Waliachana. Wendell alikaa kaegemea meko, pua imekaa upande, anapumua kwa mapovu mekundu.

"Kwa nini?" Martin aliuliza. Neno lilitoka limevunjika kama meno yake.

"Aliona damu chooni," alisema Wendell. Hakuwa akimjibu Martin hasa. "Jumanne. Curtis alikuja uani na begi lake, akaniambia kijana anakojoa damu, anapitia kwanza kwa mkuu wa wanafunzi kabla ya basi, atasema yote, kibao, siri, kila kitu. Nikamwambia, nina miezi mitatu tu nimalize. Nina kazi ya madaraja inanisubiri. Akasema ningefikiria hayo nilipofika kumi." Alijifuta mdomo. "Akageuka. Shoka lilikuwa pale kwenye pipa. Sikusoma jina lililoandikwa."

"Na kumi?" Kangas aliuliza. "Kwa nini hukukomea kumi?"

Wendell alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani na anataka kulijibu kwa haki.

"Nilikuwa naona raha," alisema. "Sijawahi kuona raha namna ile. Halafu nikampandisha ngazi mgongoni, nikamfuta, na hiyo nayo niliiona raha."

Polisi wakambeba.

Ilikuwa imebaki zaidi ya saa moja kabla ya kwenda kwa hakimu pale Harju mwenyewe alipofungua mlango wa mahabusu, haoni pa kuweka macho. Gari la hospitali lilikuwa linangoja nje. Kangas aliingia, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni, akasimama mbele ya kijana aliyekuwa bado hawezi kukaa.

"Uko huru, Dewey. Tumempata."

Kijana alifumba macho, akashusha pumzi ndefu iliyomuumiza. "Wendell anajua? Umemwambia?"

Katika safari nzima kutoka Bikari Kangas alikuwa ametafuta njia ya kulisema. Hakuipata, akalisema kama lilivyo: aliyemuua Curtis ni Wendell, na aliyeshika kibao Jumatatu ile ni Wendell, tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Curtis alikuwa anahesabu tu, na ndiye aliyetaka kwenda kumsemea kwa mkuu wa wanafunzi.

Dewey alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alitabasamu, kama anayedhani ni mzaha wa polisi. Kisha akaushika ukuta.

"Mimi pale chini," alisema, "kila pigo likija nilikuwa najiambia vumilia, vumilia, likiisha hili utapanda juu utamkuta Wendell."

Akaporomoka kando ya ukuta. Kangas alimdaka kwa mkono wake mmoja, na kijana, alipoguswa mgongo, akapiga ukelele na kujikinga uso.